Mwanga Uliotoka Nje ya Mfuko

Taa niliyotumia haikuwa ya maabara. Ilikuwa ya jamaa wa M-Pesa aliye chini ya ploti yetu, ile mashine ndogo yenye mwanga wa zambarau anayowekea noti ya elfu kabla hajakuamini. Ya maabara ilikuwa imeungua tangu muhula uliopita, na barua ya kuomba nyingine ilikuwa ingali mezani kwa mtu. Kwa hivyo saa mbili usiku nikashuka dukani na kichupa cha dawa ya kikohozi nilichokiosha vizuri. Ndani yake mlikuwa na maji ya rangi ya strungi iliyozidishwa maji.

"Nini hiyo?" akauliza. "Usiniambie ni mkojo."

"Zima balbu kwanza, boss."

Akazima. Nikakisogeza kichupa chini ya ule mwanga wa zambarau, na yale maji ya kahawia yakawaka. Si kung'aa kama kioo. Yaliwaka kutoka ndani, buluu inayoelekea kijani, kiasi kwamba niliona vidole vyangu vimepata rangi. Nje boda walikuwa wanapiga honi, mteja mmoja alikuwa anagonga kaunta akitaka kutoa mia tano, na sisi wawili tumeinamia kichupa kama watu wanaosoma meseji ya siri.

"Manze. Hii umetoa wapi?"

"Nimepika."

Na kweli nilikuwa nimepika. Kitu cha kwanza unachohitaji ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Ndiyo inayofanya ndimu ikukunje uso. Ila ile ya dukani haitoki kwenye ndimu siku hizi. Inatengenezwa na kuvu anayeitwa Aspergillus niger, anayelishwa sukari kwenye mapipa makubwa, na viwanda vilianza kufanya hivyo mwaka 1919. Unachukua gramu 2 za huo unga, unaziweka kwenye bika ndogo, unapasha joto hadi nyuzi 200. Dakika kama tano hivi unga wote umeyeyuka, uko wazi kama maji. Halafu unaanza kuingia unjano. Ukifika nusu saa una kitu cha rangi ya chungwa. Ukizubaa ukaenda kwa simu, utarudi ukute kimekuwa cheusi na kigumu, kama sukari iliyosahauliwa mekoni. Ile ya chungwa unaimwaga tone kwa tone kwenye maji yenye kostiki soda hadi mchanganyiko usiwe asidi tena wala besi. Umemaliza. (Usijaribu kwa jiko la nyumbani. Ule moshi unachoma koo, na mimi nilikuwa na bomba la kufyonza hewa juu ya kichwa.)

Jaribio langu la kwanza lilitoa mwanga hafifu. La pili niliongeza yurea, ndiyo ile ile mbolea ambayo Mama huwekea mahindi, nikaiyeyusha pamoja na asidi kwenye maji na kuitia kwenye maikrowevu kuukuu ya maabara kwa dakika chache. Ilitokota, ikafura, ikakauka ikawa donge la kahawia. Nilipoliyeyusha donge hilo ndipo nikapata kile kichupa cha dukani.

Nilichoamini kwamba nimepika kinaitwa vidoti vya kaboni. Ni chembe za kaboni ndogo kuliko nanomita 10. Milimita moja ina nanomita milioni moja, kwa hivyo hata usikaze macho, hutaziona. Ukizimulika kwa mwanga wa urujuanimno, ambao jicho haliuoni, zinaumeza na kuutema tena ukiwa wa buluu au kijani. Jinsi zinavyotokea, tulivyofundishwa, ni rahisi kuelewa: joto linaing'oa maji molekuli ya asidi, molekuli zinashikana, zinaendelea kushikana, hadi kaboni inajikusanya kuwa kipande kidogo chenye kiini.

Kitu kilichonivuta ni jinsi zilivyogunduliwa. Hakuna aliyekuwa anazitafuta. Mwaka 2004, kundi la watafiti huko South Carolina, Marekani, lilikuwa linasafisha masizi yaliyotokana na cheche za umeme kati ya vijiti vya kaboni. Walitaka vijibomba vya nano vilivyokuwa ndani ya masizi hayo, na walikuwa wanavitenganisha na takataka kwa kutumia umeme. Wakati wa kutenganisha, sehemu ambayo hawakuitaka ikawaka. Miaka miwili baadaye watafiti wengine wa jimbo hilo hilo, wa Clemson, wakazipa jina. Binamu zao wanaotengenezwa kwa madini kama kadimiamu ndio waliowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2023. Lakini kadimiamu ni sumu na mafunzo yake ni ghali. Hizi zangu zilitoka kwa unga wa keki na mbolea. Kwa mwanafunzi ambaye maabara yake haina hata taa, unaelewa kwa nini nilizipenda.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa hivi: ukitia chuma ndani ya yale maji yanayowaka, mwanga unafifia. Chuma kikizidi, mwanga unazidi kufifia. Basi unaweza kuchukua maji ya kisima, ukatia matone, ukapima mwanga umepungua kiasi gani, ukajua kuna chuma ama hakuna. Kwetu kuna kisima ambacho maji yake yanaacha kutu kwenye mitungi na kuzipaka nguo nyeupe rangi ya udongo. Nilijiona tayari nimesimama kando yake na kichupa changu, wazee wamenizunguka.

Mama naye alikuwa ameona mbali zaidi. Nilimtumia picha ya kichupa kikiwaka. Kufikia jioni ilikuwa kwenye grupu la familia, grupu la kanisa, na lile la mchango wa Mjomba. Chini yake ameandika: "Mtoto wangu ametengeneza taa kwa ndimu. Mungu ni mwema." Watu wakajibu amina hadi usiku.

Daktari, msimamizi wangu, aliitazama picha hiyo hiyo muda mrefu bila kusema amina.

"Umeisafisha?"

"Nimeichuja, Daktari."

"Kuchuja si kusafisha. Ifanyie dayalisisi kwanza, halafu uje unionyeshe tena."

Hilo neno halikuwa geni kwangu. Nyumbani kwetu hata watoto wanalijua. Mjomba, kaka yake Mama, figo zake zilikataa kazi miaka mitatu iliyopita. Mara mbili kwa wiki anapanda matatu asubuhi na mapema kwenda kufungwa kwenye mashine kwa saa nne, damu inatoka, inapita, inarudi. Kuna siku nilimsindikiza, na nesi akanieleza kinachotendeka. Ndani ya kile kichujio kirefu mna utando wenye matundu madogo sana. Damu inapita upande mmoja na maji maalum upande wa pili. Vitu vidogo vinapenya na kutoroka na maji. Vikubwa, kama chembechembe za damu na protini, vinabaki. Nikauliza vidogo ni kama nini. Akasema, "Kwa mfano, yurea."

Ya maabara ni mashine hiyo hiyo bila mashine. Una kipande cha mrija mwembamba, mfano wa ganda la smokie. Unaufunga upande mmoja, unamimina mchanganyiko wako ndani, unafunga upande wa pili, unautumbukiza mfuko huo kwenye bika kubwa la maji safi. Unaacha usiku kucha. Unabadilisha maji, unaacha tena. Vidoti vya kaboni, kwa kuwa ni vikubwa, vibaki ndani. Takataka ndogo zitoke nje.

Asubuhi nilifika maabara kabla ya mlinzi kumaliza chai. Nilikuwa nimeazima ile taa ya M-Pesa, kwa ahadi kwamba nitairudisha kabla ya duka kufunguliwa. Nikafunga mapazia, nikawasha.

Maji ya nje yaliwaka bika zima. Buluu ile ile.

Mfuko wenyewe ulikuwa umelala katikati, wa kahawia, kama kipande cha ini.

Nilidhani nimetoboa mrija. Nikauinua, nikaukamua kidogo, haukuvuja. Nikarudia jaribio na mrija mpya. Siku ya tatu nikarudia tena, nikibadilisha maji kila baada ya saa chache, na kila nilipoyabadilisha maji mapya yalianza giza halafu taratibu yakapata mwanga, huku mfuko ukizidi kuzimika. Mwishoni ndani ya mfuko mlibaki kitu kinachowaka hafifu sana, mwanga wa kuhitaji subira. Kile nilichokipiga picha, kile ambacho kanisa zima lilisema amina, kilikuwa kinatoka na maji.

Nilikaa kwenye stuli nikasoma, na kusoma ndiko kulinimaliza. Kumbe sikuwa wa kwanza. Kuanzia karibu mwaka 2013 watafiti walikuwa wameanza kuonyesha kwamba ukipasha joto asidi ya sitriki pamoja na kitu chenye naitrojeni, kabla hujapata chembe yoyote, unapata molekuli ndogo za kawaida zinazowaka vikali. Ukitumia yurea, mojawapo inaitwa asidi ya sitrazini, ambayo wanakemia wanaijua tangu karne ya 19. Si nano. Haina kiini. Ni molekuli kama molekuli nyingine, kama kwinini iliyo kwenye maji ya toniki, ambayo nayo huwaka buluu chini ya taa hiyo hiyo ya noti. Molekuli kama hiyo inapenya utando vile yurea inavyotoka kwenye damu ya Mjomba. Na usipoufunga mchanganyiko wako mfukoni na kusubiri, hutajua kamwe ni nani anayewaka, kwa sababu jicho halitofautishi. Buluu ni buluu.

Sasa nikwambie tatizo langu halisi, kwa sababu hadi hapo ni kemia tu. Kulikuwa na mashindano ya wanafunzi. Mukhtasari wangu ulikuwa umeshakubaliwa: "Chembe nano za kaboni za kugundua chuma katika maji ya visima." Bango lilitakiwa Ijumaa. Mshindi alikuwa anapata elfu hamsini. Elfu hamsini kwetu si pesa ya kununua simu. Ni nauli ya Mjomba ya miezi, na dawa zake za kuongeza damu ambazo haziishi. Mama hakuwahi kuniambia nishinde. Aliuliza tu, kila Jumapili, "Na yale mashindano ni lini?"

Rafiki yangu tunayeishi naye keja moja aliliona jambo hili bila utata.

"Kwani inawaka ama haiwaki?"

"Inawaka."

"Ukitia chuma inafifia?"

"Inafifia."

"Basi shida iko wapi? Nani atakuja kuangalia ndani ya mfuko?"

Hakuna. Ndilo jibu, na ndilo lililoninyima usingizi. Ningeweka picha ya kichupa, grafu ya mwanga ukishuka kadiri chuma kinavyoongezeka, na grafu ingekuwa ya kweli, kila nukta yake nimeipima mwenyewe. Neno la uongo lingekuwa moja tu, kwenye kichwa. Tena neno ambalo wengi wameliandika kwa nia njema, kwa sababu hawakusubiri usiku mzima kando ya bika.

Nikajaribu kujishawishi kwamba jina si hoja. Chuma ni chuma. Lakini kile kisima cha kwetu hakikunitoka kichwani. Molekuli kama hizi, tofauti na chembe imara, mara nyingi huharibika zikikaa kwenye mwanga: zinawaka, zinawaka, halafu siku moja zinaacha. Fikiria kichupa kimekaa kwenye dirisha la zahanati kwa mwezi. Mtu anatia maji ya kisima, mwanga uko chini, anaandika: chuma kimezidi. Kumbe jua ndilo limekula mwanga, maji hayana neno. Watu wanaacha kisima chao wanaenda kuteka mtoni. Wote kwa sababu ya neno moja nililoliandika nikijua.

Alhamisi usiku nikampigia Mama. Sikutaka ushauri. Nilitaka kumwandaa ili Jumapili asiniulize.

"Mama, ile taa. Kuna kitu nimekosea."

Nikamweleza. Nilidhani nitashindwa, lakini nilipofika kwenye mfuko alinikatiza.

"Kama mashine ya mjomba wako."

"Ndio, Mama. Utando ule ule."

"Vidogo vinatoka, vikubwa vinabaki."

"Ndio. Sasa mwanga ndio umetoka."

Akanyamaza. Nikasikia redio ya nyumbani, na Mjomba akikohoa upande wa pili wa ukuta, maana wakati huo alikuwa amehamia kwetu ili awe karibu na barabara.

"Vya mjomba wako vikitoka, sisi tunashukuru," akasema. "Vyako vikitoka, unalia?"

Nikacheka bila kutaka.

"Hiyo iliyotoka ni kitu, ama si kitu?"

"Ni kitu, Mama. Kina hata jina. Si tu kile nilichosema."

"Basi si uwaambie ni hicho."

"Sitashinda."

"Mimi nitawaambia watu wa kanisa nini?" akauliza, na najua hakuwa anatania kabisa. Kulikuwa na aibu kidogo kwenye sauti yake, ya mtu aliyesambaza picha kwa watu mia mbili. Halafu akasema ataona la kufanya, na kwamba nile.

Usiku huo nilibadilisha kichwa cha bango. Nikaandika kwamba mchanganyiko wa asidi ya sitriki na yurea unawaka, kwamba sehemu kubwa ya mwanga huo inapenya utando wa dayalisisi na kwa hivyo huenda ni ya molekuli ndogo, na kwamba kinachobaki mfukoni kinawaka kidogo. Sikukiita kile kilichobaki vidoti vya kaboni. Bila darubini ya elektroni singeweza kusema ukubwa wake, na darubini hiyo hatukuwa nayo. Nikaweka picha mbili kando kwa kando: bika linalowaka na mfuko wa giza. Nilipozitazama kwenye bango, niliona kwamba ni picha bora kuliko ile ya kichupa.

Majaji wawili walipita haraka. Mmoja aliniuliza, "Kwa hivyo haikufaulu?" Nikasema ilifaulu kuonyesha mwanga unatoka wapi. Akatikisa kichwa kwa adabu ya mtu anayetafuta bango linalofuata. Wa tatu, mzee fulani mwenye koti la sufi, alivuta kiti. Aliniuliza matundu ya mrija ni makubwa kiasi gani, nilibadilisha maji mara ngapi, kama nilijaribu asidi peke yake bila yurea. Aliandika kitu kwenye kijitabu chake. Hakusema vizuri wala vibaya. Elfu hamsini zikaenda kwa mtu wa makaa ya maganda ya nazi, na makaa yake yalikuwa mazuri, sina la kusema.

Daktari alisoma ripoti yangu yote akiwa na kalamu nyekundu. Kwenye ukurasa wa dayalisisi hakuandika chochote. Chini kabisa aliandika: "Sasa anza." Mimi nilikuwa nimeomba kumaliza.

Mama aliandika kwenye grupu la kanisa kwamba uchunguzi bado unaendelea. Mjomba alinitumia meseji yake mwenyewe, bila salamu: "Kwa hivyo mimi na wewe tunatumia mfuko mmoja." Nauli yake tuliichanga kama kawaida, kidogo kidogo, kwa majina ya watu na mia mbili mbili.

Kile kichupa cha kwanza nilimwachia jamaa wa M-Pesa. Alikiweka kwenye kaunta, mahali jua la mchana linapoingia, na kwa wiki kadhaa alikuwa anawaonyesha wateja. Juzi nilipopita akaniita.

"Kitu yako imeisha stima."

Akazima balbu, akawasha ile taa. Mwanga ulikuwepo kwa mbali, umechoka, nusu ya robo ya ule wa siku ya kwanza. Nikamwambia ni jua. Nikamweleza kuhusu molekuli na mfuko, naye akasikiliza vile anavyosikiliza mtu anayelalamika kwamba pesa imetumwa kwa nambari isiyo yake.

"Hauna ingine?"

Begini nilikuwa na kichupa kingine, kile cha vilivyobaki ndani ya mfuko. Nikamwambia hii haiwaki sana. Nikakiweka chini ya taa. Hakuna aliyeona kitu.

"Ngoja kidogo," nikasema. "Macho yazoee."

Tukangoja gizani. Mteja akagonga kaunta, akauliza kama stima imepotea.

"Iko," jamaa akamjibu bila kuinua kichwa. "Dakika moja tu, boss. Kuna kitu tunaangalia."